Ukorofi wake una saa zake

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali hapa jijini Tanga, upande wa Sahare. Nina wanafunzi 87. Kuna mvulana wa miaka tisa alihamia Januari akitokea Pangani, baada ya wazazi wake kuachana. Anaishi na bibi mzaa baba. Baba ni mvuvi wa dagaa, mama yuko Unguja kikazi. Anapiga wenzake, anatupa madaftari, anapindua dawati, akikemewa anatoka nje bila ruhusa. Kipindi cha Kiswahili na cha Kiingereza ndiyo balaa. Sanaa na Michezo hana neno, hata mipira ananibebea. Kuna wiki anatulia vizuri, kisha anachafuka tena. Bibi yake anasema ni mashetani, yanampanda giza la mwezi likiingia, na ameshanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa. Amechapwa, amepigishwa magoti, amefagia uwanja, wapi. Wazazi wa wenzake wanakwenda kwa mwalimu mkuu wakitaka aondolewe, na mwalimu mkuu anafikiria kumpeleka mkondo mwingine. Je, huyu ni mgonjwa, ameharibiwa na malezi, au ni kiburi tu? Na nimshike vipi mmoja bila kuwapoteza 86?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe. Umeniuliza mtoto huyu ana nini, lakini kwa kupita tu ukanieleza ni lini: Kiswahili na Kiingereza ni balaa, Sanaa na Michezo hana neno; wiki hii ametulia, wiki ile amechafuka. Tushike hapo. Kiburi hakifuati ratiba ya vipindi iliyobandikwa ukutani. Mtoto anayefanya fujo saa tatu na akawa msaidizi wako saa tano ni yule yule, mwenye malezi yale yale, na mashetani yale yale kama anayo. Kilichobadilika ni kile alichotakiwa kufanya.

Kwa hiyo jina la tatizo lisubiri, tuanze na saa zake. Chukua kidaftari kidogo, siyo kile cha makosa kinachokaa ofisini. Kila anapochafuka andika mambo matatu: kilichotokea dakika chache kabla, alichofanya, na kilichofuata mara tu baada ya hapo. Weka tarehe, saa na kipindi. Maneno machache yanatosha, na uandike wakati wa mapumziko; hakuna mwalimu wa watoto 87 anayeweza kuandika insha katikati ya somo. Andika ulichokiona, usiandike hukumu. "Alimpiga jirani yake ngumi ya bega" inatusaidia. "Alileta ukorofi" haitusaidii, maana hilo tulilijua tangu jana. Andika pia siku zilizopita salama, na zilikuwa na nini. Sehemu ya tatu, ile ya kilichofuata, ndiyo walimu wengi huiacha wazi, nami ndiyo ninayoifungua kwanza.

Ngoja nikisie ukurasa wa kwanza utasemaje. Jumanne, saa 3:20, Kiswahili, wanasoma kwa sauti kwa zamu, safu yake imefikiwa. Amemsukuma mwenzake, amepindua dawati. Ametolewa nje, amepiga magoti mpaka kengele.

Sasa usome mstari huo kama mtoto asiyejua kusoma. Amekaa anahesabu vichwa. Wamebaki wanne, wamebaki watatu. Akisimama na kitabu, watoto 86 watasikia kwamba mvulana mzima wa miaka tisa anakwama kwenye silabi, na jina atakalopewa hapo litamfuata mpaka njia ya nyumbani. Akipindua dawati ataitwa mkorofi, na mkorofi ni cheo chenye heshima kidogo mbele ya wavulana wenzake. Anatolewa nje, kipindi kinaisha, kitabu hakikusomwa. Adhabu uliyompa, mwalimu, ndiyo mshahara aliokuwa anaufanyia kazi. Ndiyo maana umeongeza magoti, ukaongeza fagio, na yeye anazidi. Amejifunza kwamba njia hii inafika.

Ni kisio, lakini ni kisio la kupimwa kwa siku moja. Mtaala wetu umeweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa kazi ya darasa la kwanza na la pili. Akifika la tatu, kila somo linachukulia kwamba hayo yamekwisha, na aliyehamahama katikati ya ugomvi wa wazazi anakuta hakuna anayerudi nyuma kumchukua. Mwite mchana wenzake wakiwa wameondoka, mpe kitabu cha darasa la kwanza, usiseme ni mtihani. Pengine anakwenda vizuri kwenye "baba" na "meza" lakini anakwama kwenye "mbwa" na "ng'ombe". Pengine hata herufi zenyewe zinamchanganya. Vyovyote itakavyokuwa utajua pa kuanzia. Kiingereza kiache kwanza. Asiyesoma Kiswahili hatasoma Kiingereza kwa kutishwa.

Ukiwa naye hapo hapo, mpime masikio. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, nong'ona tarakimu tatu azirudie, kisha sikio la pili. Muulize bibi kama amewahi kutoka usaha sikioni. Wengi huuona kuwa jambo la kawaida la utotoni, lakini ukiendelea unaweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mbishi kwa sababu hafanyi alichoambiwa. Mwangalie macho: anasogea karibu na ubao, anakunja uso? Angalia pia kama kuna nyakati anaduwaa ghafla kwa sekunde chache, macho yameganda, kisha anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ikitokea mara nyingi kwa siku inaweza kuwa aina ya kifafa, na kifafa kina dawa. Lolote kati ya haya linampeleka kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali ya mkoa, Bombo. Njaa sitaieleza sana, unaijua kuliko mimi: anayekuja bila kunywa chai, saa nne hana subira na mtu.

Tuje kwa bibi na giza la mwezi. Usimcheke. Bibi ameona kitu cha kweli, nami tofauti yangu naye ni juu ya sababu tu. Wewe uko Sahare, unajua dagaa wanavyovuliwa: kwa taa, usiku, na taa haina kazi penye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu vyombo vinapumzika, wavuvi wanashona nyavu na kulala majumbani mwao. Giza likirudi wanaingia baharini, na wengine wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, siku nyingi hawaonekani. Baba wa mtoto huyu ni mvuvi wa dagaa. Basi giza hilo hilo linalompandisha mtoto mashetani ndilo linalomwondoa baba nyumbani. Mtoto ambaye ndani ya muda mfupi ameachana na mama, na nyumba aliyoizoea, na shule yake, kila mwezi anaondokewa tena. Na yule anayebaki naye ni bibi, ambaye kwa umri wake hana nguvu za kumkimbiza mtoto wa miaka tisa.

Hili ni la kuuliza, usilitangaze. Nenda kwa bibi jioni, usimwite shuleni, maana bibi akiitwa shuleni anajua anaitwa kusikiliza mashtaka. Anza na mipira: "Bibi, mjukuu wako ndiye ninayemwamini na vifaa vyangu." Pengine hajawahi kusikia neno zuri juu ya mtoto huyu kutoka kwa mwalimu yeyote. Baada ya hapo muulize baba huondoka lini na hurudi lini, kisha ulinganishe na tarehe za kidaftari chako. Zikilingana, una kazi ya kumpa baba, nayo haina gharama. Asiondoke usiku kimyakimya. Watu hufanya hivyo kwa huruma, ili mtoto asilie, lakini mtoto anayeamka akakuta mtu hayupo hujifunza kulala jicho moja wazi. Amuage. Amwambie atarudi lini, wakazitie alama siku kwenye kalenda ya ukutani, hata ile ya duka. Akichelewa, mtu apige simu aseme amechelewa. Na mama wa Unguja apatikane kwa simu siku moja inayojulikana kila wiki, hata kwa dakika tano, badala ya kupiga ghafla Jumapili usiku na kuahidi mambo. Nimeona Jumatatu nyingi zikiharibika kwa ahadi za Jumapili.

Kombe na dua simkatazi bibi, wala si kazi yangu. Ninachokataza ni tiba yoyote inayompiga mtoto, inayomfunga, inayomnyima chakula, au inayomchelewesha hospitali. Na mumwambie bibi kwa adabu kwamba mtoto asiambiwe mbele ya watu kuwa ana mashetani. Atasadiki. Akishasadiki kwamba anayepiga ni mwingine aliyemo ndani yake, utamwombaje azuie mkono?

Umeuliza kama ni mgonjwa. Yapo matatizo ya kweli ya namna hiyo: watoto ambao umakini wao ni mdogo na utukutu wao umepita umri wao, watoto wenye usonji, watoto wenye huzuni nzito inayotoka kwa sura ya hasira, kwa sababu mtoto wa kiume huruhusiwa kukasirika kabla ya kuruhusiwa kulia. Lakini utukutu wa maumbile humfuata mtoto kila mahali, nao huwa umeanza angali mdogo. Kwa hiyo muulize mtu ambaye sisi watu wa elimu tunamsahau: ustaadhi wa madrasa. Huko nako wapo wengi, huko nako wanakaa muda mrefu. Kama kwenye chuo hicho anakaa akifuatisha kwa sauti pamoja na wenzake bila matatizo, basi kukaa anaweza na kusikiliza anaweza, na tunarudi kwenye kitabu cha zamu. Kama hata chuoni amewashinda, hata uwanjani, hata nyumbani, na imekuwa hivyo tangu Pangani, hapo tunahitaji macho ya mtaalamu. Liko dodoso moja lililotungwa na Robert Goodman wa Uingereza, lilichapishwa 1997, lina maswali 25 juu ya hisia, mwenendo, utukutu, marafiki na wema kwa wengine, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Linajazwa na mwalimu na mzazi kwa dakika chache. Halitoi jina la ugonjwa, ila ukienda nalo kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri au kwa daktari, mnaanza mazungumzo mkiwa na kitu mkononi.

Sasa darasani. La kwanza nalitaka kesho asubuhi, kabla hata kidaftari hakijajaa. Mvute pembeni umwambie: "Sitakuita kusoma kwa sauti mbele ya darasa mpaka wewe mwenyewe uniambie uko tayari." Kisha uitunze ahadi hiyo, hata siku atakayokuudhi. Hujamsamehe kusoma; umeihamisha kazi hiyo mahali anapoweza kuifanya. Nakuhakikishia kati ya 87 hayuko peke yake. Watafute wenzake wa silabi, wape robo saa kila siku na kitabu cha chini, na uwaweke wawili wawili na msomaji mzuri mwenye tabia ya upole. Darasa zima lisome pamoja kwa sauti mara nyingi zaidi kuliko mmoja mmoja. Kusoma kwa zamu, kusema kweli, katika darasa la ukubwa huo ni njia ya kuwafanya 86 wakae bure.

Yapata mwaka 1970 kule London, mwanasaikolojia Marjorie Boxall alianzisha vidarasa vya watoto kama huyu wako: watoto kumi au kumi na wawili, mwalimu na msaidizi wake, na kifungua kinywa wanachokula pamoja mezani. Sisi hatuna chumba hicho wala msaidizi. Lakini sehemu moja ya kazi yake haihitaji chumba: mtu mzima yule yule, anayempokea mtoto kwa namna ile ile, saa ile ile. Simama mlangoni asubuhi. Mwite kwa jina lake, msalimie, mpe kijikazi cha kufanya kabla ya kukaa: afute ubao, agawe madaftari. Umeshaona kwenye mipira kwamba akiaminiwa na kitu anakuwa mtu mwingine. Mkalishe mbele, karibu na mkono wako na karibu na mtoto mtulivu. Usimweke peke yake kwenye pembe. Kule atajifunza kuishi kama mtu wa pembeni.

Maagizo yawe mafupi, moja moja, ukiwa karibu naye, badala ya kumrushia matano kutoka ubaoni. Na umsifu kwa kutaja alichofanya: "Umeinua mkono, ahsante." Najua walimu wetu tunaogopa sifa, tunasema mtoto atavimba kichwa. Mtoto ambaye tangu Januari jina lake linatajwa kwa kukemewa tu yuko mbali sana na kuvimba kichwa.

Anatoka nje bila ruhusa, basi mpe ruhusa. Mchague kitu kidogo, hata kizibo cha soda, akikiweka mezani kwako maana yake anaomba dakika tano. Aende kumwagilia mti ulio mbele ya dirisha, unakomwona, kisha arudi. Mara mbili kwa siku, si zaidi. Wenzako ofisini watasema unamdekeza. Waambie alikuwa anatoka tangu zamani, tofauti ni kwamba sasa anaomba na anarudi, na dawati limebaki limesimama.

Kwa darasa zima uko mchezo ambao Barrish na wenzake wawili waliuchapisha Marekani 1969, darasa la nne lenye watoto 24. Waligawa darasa makundi mawili. Kundi lililovunja kanuni lilitiwa alama ubaoni, na kundi lenye alama chache mwisho wa kipindi lilipata zawadi ndogo ya heshima, kama kutangulia kwenda kula. Hata makundi yote mawili yangeweza kushinda yakibaki chini ya kiwango. Wewe tumia safu zako. Kanuni mbili au tatu tu, zilizoandikwa. Anza na dakika kumi, siyo asubuhi nzima. Zawadi iwe kutangulia kwenda mapumziko, au wimbo waliouchagua. Hadhari moja: mtoto huyu akiiangusha safu yake kila siku, wenzake watamchukia zaidi. Ukiona hivyo, mfanye awe safu yake mwenyewe kwa siku chache, apewe lengo analoliweza, na akishinda darasa zima lipate dakika moja ya zaidi ya mapumziko. Utashangaa nani atamshangilia.

Siku atakayochafuka, na zipo siku atakazochafuka, shusha sauti yako. Maneno machache. Usimzibie mlango, usimkamate shati, usimwulize "kwa nini" wakati kifua kinapanda na kushuka. Hapo hana jibu, na ukimshinikiza atakupa tusi. Mtume kiranja kwa mwalimu wa darasa la jirani, wasogeze walio karibu. Mazungumzo yaje baadaye, akishakunywa maji. Na baada ya mazungumzo arekebishe alichoharibu: asimamishe dawati, aokote madaftari, amfanyie aliyempiga jambo la maana ambalo aliyepigwa amelikubali. Kupeana mikono kwa kulazimishwa mbele ya mwalimu hakuponyi bega la mtu.

Kuhusu fimbo sitazunguka. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, na kila mara iandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike. Kila mwalimu akiwa na fimbo yake darasani, hiyo iko nje ya kanuni, hata kama imezoeleka. Nami naongeza la kitaalamu: mtoto huyu fimbo inamthibitishia kile anachokiamini tayari, kwamba watu wazima huondoka au hupiga. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto uliofanyika nchini 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa kabla ya kufika miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Kama kipigo kingekuwa kinatengeneza, Tanzania tusingekuwa na mtoto mkorofi hata mmoja. Yapo mafunzo ya walimu yaliyojaribiwa katika sekondari za serikali hapa nchini, ya siku tano na nusu tu, matokeo yake yakachapishwa 2018: walimu waliohudhuria walipunguza kupiga. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani kwetu.

Wazazi wanaokwenda kwa mwalimu mkuu wana haki yao. Mtoto wao amerudi na jicho limevimba, wewe unawaambia habari za silabi. Waiteni, na waambieni mambo mawili wanayoweza kuyaona: waliopigwa wanaangaliwaje, na mpango wa huyu anayepiga ni upi. Siri za nyumba yake msiziseme. Kiranja mmoja asimame karibu naye mapumziko, mwalimu wa zamu ajue, na mpira uchezwe kwa waamuzi. Ugomvi mwingi wa mapumziko unazaliwa kwenye mpira usio na mwamuzi. Mtoto wao akipigwa, waulizwe hali yake kesho yake. Wengi watatulia kwa hilo tu.

Nikitoka nje ya swali kidogo: katika 87 hao yuko msichana, au wako wawili watatu, ambao hawajawahi kukupindulia dawati wala kuandikwa kwenye kitabu cha makosa. Hawainui mkono, hawachezi, wanakaa na tumbo linauma kila Jumatatu. Hao nao wako taabani, ila taabu yao haimsumbui mtu. Ukimaliza na kidaftari cha mvulana, fungua ukurasa mwingine.

Kuna dalili ambazo hazingoji kidaftari. Mtoto akisema anataka kufa au akijiumiza, akiwatesa wanyama au kuchoma vitu, akionyesha mambo ya kingono ambayo mtoto wa umri wake hayajui, akija na alama za kipigo, au akipoteza ghafla mambo aliyokuwa anayaweza kama kuzuia mkojo au kuzungumza. Akianza kukusimulia, msikilize. Usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Mpe taarifa mwalimu mkuu na mwalimu wa dawati la ulinzi na usalama wa mtoto kama shule yenu imelianzisha, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu kwa ajili ya watoto ni 116, bure, na mtu mzima naye anaweza kuipiga. Mwathirika asirudishwe kulala nyumba ambayo aliyemdhuru yumo. Hilo ustawi wa jamii ndio wa kulisimamia, usilibebe peke yako.

Tegemea kwamba siku za mwanzo atazidi. Ukiacha kumtoa nje, njia yake ya zamani inakataa kufika, naye ataijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Walimu wengi huacha mpango hapo hapo, na mtoto anajifunza kwamba ilihitaji tu kelele kubwa zaidi. Vumilia mpaka baba atakapokuwa ameondoka na kurudi angalau mara mbili, ndipo upime kwa kidaftari: si kama ameacha, bali kama yamepungua, na kama yakitokea yanakwisha mapema kuliko mwanzo.

Kuhusu kuhamishiwa mkondo mwingine, mwombe mwalimu mkuu asubiri mpaka mwisho wa muhula. Mtoto huyu ameshahamishwa vya kutosha. Na ikilazimika, basi asipelekwe katikati ya wiki kwa karatasi ya kiranja. Aambiwe mapema, umpeleke mwenyewe mpaka mlangoni, na mwalimu atakayempokea umkabidhi kidaftari pamoja na ile ahadi ya kutoitwa kusoma kwa sauti. Mipira aendelee kukubebea wewe.